Popi na Mbwa wa Ubaoni

Jambo zima lilitugharimu kuku mmoja, kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia, na upindo wa suruali ya mwalimu. Nimehesabu, nikarudia kuhesabu, jibu ni lilelile. Kwa uhai uliookolewa, hiyo ilikuwa bei ya kutupa. Nimeuza mitumba maisha yangu yote ya utu uzima na sijawahi kupata bei kama ile tena.

Yaliyonikumbusha ni mawili, na yote yaliingia kwa mlango mmoja. Juma lililopita mjukuu wangu alitoka shule akapanda hadi hapa kwangu Tassia, orofa ya nne, kitabu cha Kiingereza kwapani na katoni mikononi. Kitabuni mlikuwa na ukurasa mzima wa misemo ya Waingereza kuhusu mbwa. Katonini mlikuwa na mbwa.

"Nyanya," akaniuliza, "kwani maisha ya mbwa ni mabaya?"

Yule mbwa, mkubwa kama kiatu cha askari, akatoa kichwa nje, akaninusa, akakojolea zulia langu. Ikanibidi niketi. Keti nawe basi, maana mambo haya hayasimuliwi watu wakiwa wima.

Nilipokuwa mtoto tuliishi Eastlands, katika zile nyumba za chumba kimoja zilizopangwa safu kwa safu, milango ikitazamana kama watu wanaodaiana. Kati ya safu yetu na ya pili palikuwa na mfereji mmoja wa maji ya bomba na kamba za kuanikia nguo. King'ora cha karakana ya reli, alikofanya kazi baba, ndicho kilichotuamsha. Jioni ukipita hapo katikati ulijua kila nyumba imepika nini: huku sukuma wiki, kule maharagwe na mahindi, na kwetu omena, vile visamaki vya ziwani, kwa sababu Nyanya yangu mimi alikuwa amekuja kutoka magharibi kututembelea wiki mbili na hakuwa amerudi tangu niingie darasa la pili. Alikuja na kikapu, kuku, na methali. Kuku walizaana. Methali pia.

Popi hakununuliwa wala hakuletwa. Alijitokeza msimu mmoja wa mvua, akalala chini ya kamba za nguo, na asubuhi nguo zote zikawa zipo. Hilo halikuwa jambo dogo. Wezi wa nguo wa siku zile walikuwa mafundi; ungeanika shati ukageuka kukamua la pili, ukirudi unaona vibanio tu. Basi yule mbwa wa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na lingine limekata tamaa, akapewa jina na sufuria iliyotoboka, akawa wa safu nzima ingawa mezani alikuwa wa Nyanya.

Wezi wakaleta nyama yenye sumu. Ndivyo mbwa wa safu ya pili alivyokufa. Tangu siku hiyo Nyanya akaanza kumfundisha Popi kula upya. Alikwangua ukoko wa ugali kwa mwiko, krr, krr, krr, sauti ambayo hadi leo nikiisikia natazama mlangoni. Aliuvunja, akauma pembe yake, akatafuna, akameza huku Popi akimtazama koo. Ndipo akamnyoshea uliobaki. "Mkono usioonja usiuamini," alimwambia. Akanifundisha na mimi kumlisha vivyo hivyo, kwa hiyo nimekula ukoko kuliko mtoto yeyote wa reli. Baada ya mwezi ungemtupia Popi mfupa wenye nyama, akaugeuzia kisogo kama mtu aliyetukanwa. Vijana wa mferejini walijaribu kila siku kwa mtura, ule utumbo uliojazwa nyama.

"Wee Popi, chukua mtura huu!"

Popi akapiga miayo.

"Wacha, buda, huyu ameokoka. Labda umwombee kwanza."

Shuleni nako kulikuwa na mbwa, ila hao walikuwa wa chaki. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana mrefu, shati limepigwa pasi hadi kwenye mawazo, na aliishi peke yake katika nyumba ndogo ndani ya ua wa shule. Aliamini kuwa insha ya mtihani wa darasa la saba hupasuliwa kwa misemo, na kwamba katika misemo hakuna iliyo tamu kama ya mbwa. Alijaza ubao. Mtu mwenye dhiki anaishi maisha ya mbwa. Mvua kubwa hunyesha paka na mbwa. Aliyechoka sana amechoka kama mbwa. Kila mbwa ana siku yake. Mbwa mzee hafundishwi mbinu mpya. Mbwa aliyelala mwache alale. Mpe mbwa jina baya, kisha umnyonge. Hata kumfuata mtu nyuma hatua kwa hatua Waingereza waliundia kitenzi kutoka kwa jina lilelile la mnyama. Asiyeweka angalau misemo miwili katika insha alionja kiboko. Ndiyo maana ukisoma insha zetu za miaka ile, hata harusi za jua kali zilinyeshewa paka na mbwa.

Jioni nilimsomea Nyanya kwa Kiswahili huku tukichambua omena, naye alikagua misemo kama anayekagua maharagwe.

"Maisha ya mbwa ni shida? Tazama Popi. Halipi kodi, hadaiwi, analala akitaka. Hao Waingereza wamewahi kufuga, au waliwasikia tu?"

"Mbwa mzee hafundishwi, Nyanya."

"Na huyu nimemfundisha ukoko akiwa na mvi puani?"

"Aliyelala aachwe alale."

"Halafu nguo za baba yako zichungwe na nani, mwalimu?"

Ule wa kumpa mbwa jina baya ndio pekee aliokubali. Alitupa kichwa cha omena, akasema, "Huo ni wa kweli. Huo hata kwetu upo, ila tunausema kwa watu."

Jumatano moja gari la afya lilipita na kipaza sauti. Tulikuwa mferejini, foleni ya mitungi imefika hadi kwetu mlangoni. Sauti ikasema kwamba mtoto wa mtaa jirani ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Kwamba Jumamosi asubuhi bwana afya atakuja. Kwamba kila mbwa asiye na kibati cha leseni shingoni atachukuliwa, na atakayekimbia atapigwa risasi papo hapo. Ikaongeza kwamba leseni haitolewi kwa nyumba hizi za kupanga. Ni kwa wenye ua na lango tu. Maji yaliendelea kumwagika kutoka mferejini na hakuna aliyesogeza mtungi. Popi alikuwa amelala chini ya shuka za jirani, mkia ukipiga vumbi kwa sababu sauti ilikuwa imetaja mbwa mara nyingi, naye alidhani anaitwa.

Huyo mbwa aliyeuma hakuwa Popi, alikuwa ameshauawa, lakini jina baya lilikwisha kugawanywa. Usiku huohuo mama mmoja wa safu yetu, aliyekuwa akimtegemea Popi kulinda nepi za mtoto wake, alimwita mbwa yule kichaa mtarajiwa. Alisema hivyo huku akianua nepi zote, hakuna iliyopotea.

Jirani yetu wa ukutani alikuwa mchongaji kutoka Ukambani. Alichonga twiga, vifaru na tembo kwa ajili ya wageni, na sakafu yake ilinukia vumbi la mti kuliko chakula. Mbwa hakuwahi kuchonga. Alisema hakuna mgeni anayepanda ndege kuja kununua mbwa. Alhamisi alimwita Nyanya pembeni.

"Mama, wacha kulia machozi ya bure. Kibati ni nini? Ni bati na namba. Bati ninyi mnalo, namba nitaitoa."

"Utaitoa wapi, baba?"

"Mbwa wa padri anacho cha kweli. Nitaenda na andazi, nimpe, nisome."

"Na bei?"

"Kati yetu? Kuku mmoja."

Nyanya alinitazama. Hapo nilikuwa nimeshaanza kutumwa sokoni kwa niaba ya nyumba tatu, kwa sababu nilijua kununa vizuri. Nikamwambia mchongaji kwamba kuku ni wa kibati na kamba ya shingoni, tena kamba ya ngozi. Akacheka, akakubali. Kifuniko cha mkebe wetu wa mafuta kikakatwa duara, kikagongwa namba kwa msumari, na Popi akavaa leseni. Alipendeza. Tatizo lilikuwa moja tu: kilinukia mafuta, na mchana kutwa alikuwa akizungukazunguka akijaribu kulamba shingo yake mwenyewe.

"Bati ni bati," Nyanya aliniambia, akimshika Popi lile sikio lililokata tamaa. "Na macho ya serikali si macho ya mwizi wa nguo." Hakula usiku ule. Ukoko aliuonja, akautoa, basi.

Mimi nimezaliwa na ugonjwa wa kutoenda sokoni na bei moja. Ijumaa, wenzangu walipotoka, nilibaki darasani. Mwalimu alikuwa akifuta ubao.

"Mwalimu, wewe una ua na lango."

"Ni la shule."

"Bwana afya hajasema la nani. Sema Popi ni wako, kesho tu. Baadaye tutamkatia leseni ya kweli."

Akaweka kifutio chini. Nilidhani atanichapa. Badala yake akainama, akapandisha mguu wa suruali. Shavu la mguu wake lilikuwa na kovu kama ramani ya ziwa.

"Nilikuwa mdogo kuliko wewe," akasema. "Mpaka leo nikisikia kwato za mbwa nyuma yangu navuka barabara."

Mbwa hana kwato, lakini haikuwa saa ya kumsahihisha mwalimu.

"Lakini unatufundisha mbwa kila siku!"

"Wale wa ubaoni hawana meno."

"Hutamgusa. Utashika kamba tu."

"Kamba ina urefu gani?"

Nikajua nimempata nusu. Mteja akianza kuuliza urefu wa kitambaa, moyoni ameshakivaa. Nikanyosha mikono yangu yote miwili, nikaongeza hatua moja upande. Akaitazama ile nafasi tupu kama aliyeona meno ndani yake. Kisha akashusha suruali.

"Nenda nyumbani, msichana. Mbwa aliyelala mwache alale."

Nilienda. Njiani nilikuwa na hasira na Waingereza wote.

Jumamosi hapakuwa na nguo hata moja kwenye kamba. Lori lilisimama karibu na mfereji, na juu yake alikaa askari mwenye bunduki mapajani akitafuna muwa, akitema makapi kwa ustaarabu upande usio na watoto. Bwana afya alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya jua na miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliamuru wenye mbwa wapange mstari. Tukapanga. Nilishangaa kuona mbwa wa mtaa mzima wana vibati, vyote vinang'aa, na wote wamepindisha shingo wakijaribu kujilamba. Mchongaji alikuwa amefanya biashara nzuri. Yeye mwenyewe alisimama mwishoni akiwa na jike lake jeusi, uso umejaa jasho.

Bwana afya akainama kwa mbwa wa kwanza, akasoma namba kwa sauti. Akaenda kwa wa pili, akasoma. Akarudi kwa wa kwanza. Akaenda kwa wa tatu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Namba ilikuwa ile ile. Mchongaji wetu, mtu anayeweza kuchonga tembo hamsini wanaofanana masikio, alifikiri kazi nzuri ni kufananisha.

"Watu wa hapa," akasema bwana afya, "mna mbwa mmoja mwenye miili mingi sana."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajikatiza. Askari aliacha kutafuna. Bwana afya akamwinamia Popi, akanusa kibati, akasema polepole, "Na huyu leseni yake imekaangwa." Kisha akageuka akawaita vijana wake washushe kamba na ngazi ya lori. Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka.

Mbwa wa kwanza akapandishwa, kisha wa pili, na mwenyewe, mzee mzima, akabaki ameshika hewa mkononi. Nyanya alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja shingoni mwa Popi na mwingine ndani ya kanga alimofunga ukoko wa asubuhi. Nilijaribu kila nilichokijua. Nilimwambia bwana afya mbwa huyu ni mzee, nikamwambia ni mlinzi, nikamwambia amempita mwenye kichaa kwa akili. Alinisikiliza kwa adabu, kama mnunuzi asiye na nia.

"Mtoto, hata ningetaka, nimkabidhi nani? Nani hapa ana ua?"

"Mimi," ikasema sauti.

Mwalimu alikuwa amesimama kando ya kioski, mbali kidogo, gazeti limekunjwa mkononi kama rungu. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Alikuja akipita ukutani, akiwapisha mbwa wote, mpaka akafika mbele ya Popi, na hapo miguu ikamgomea hatua ya mwisho.

"Huyo ni wa shule," akasema. "Ni wangu. Hicho kibati ni upuuzi wa watoto. Naomba wiki moja nimchanje na nimkatie leseni."

"Wako, mwalimu?"

"Wangu."

"Mbona unatetemeka?"

"Ni... baridi."

Jua lilikuwa linachoma hadi mfereji ulikuwa haushikiki. Bwana afya akatazama doa la jasho mgongoni mwa shati, akamtazama Nyanya, akamtazama Popi. Akanyosha mkono kwa Nyanya, akautwaa ule ukoko, akauweka katika kiganja cha mwalimu.

"Sawa. Mbwa hula mkononi mwa mwenyewe. Mlishe."

Hapo mimi na Nyanya tulitazamana. Mwalimu aliogopa kwamba Popi angemng'ata. Sisi tuliogopa kwamba Popi asingekula. Angeugeuza uso pembeni, vile alivyofundishwa, kwa utiifu wake wote, na utiifu huo ungempandisha lorini. Mwalimu akaanza kuinama, ukoko ukitangulia. Popi akaanza kuondoa macho.

"Mwalimu!" nilipiga kelele. Kila mtu akanigeukia. Nikateremsha sauti, nikaifanya ya kitoto. "Si kama kila siku? Wewe kwanza, kisha yeye?"

Akanitazama. Nimewauzia watu wengi nguo na sijaona uso ukihesabu upesi hivyo. Akaunyanyua ule ukoko wa mbwa, uliokuwa umeungua upande mmoja na kubeba nyuzi za kanga upande wa pili, mbele ya wanafunzi wake, wazazi wao, na askari mwenye bunduki. Akauma. Akatafuna, ukasikika. Popi alirudisha macho, akamtazama koo. Mwalimu akameza, akafumba macho, akanyosha mkono.

Popi alikula taratibu, kisha akalamba vidole kimoja kimoja. Mwalimu hakufumbua macho hadi mwisho. Furaha ilipompanda Popi aliruka, kucha zikanasa upindo wa suruali, ukachanika hadi gotini, na kovu likaonekana na dunia nzima. Hakukimbia. Aliishika kamba ya Popi kwa mikono miwili kama mtu anayevuka mto.

Bwana afya akaandika alichoandika. Alipompita Nyanya aliinamisha kofia kidogo. "Mama," akamwambia, "mbwa wa mwalimu anakutazama wewe." Akaendelea na mstari.

Wengine walipanda lori, hata jike jeusi la mchongaji. Lilipoondoka, kilio cha mbwa kilisikika mpaka barabara kubwa, na sisi tuliobaki na wetu hatukuweza kuwatazama wenzetu machoni. Mchongaji alimletea Nyanya kuku wetu jioni ile, mzima, hajachinjwa. Nyanya alikataa kumpokea. Ndiyo maana kuku nimemhesabu.

Popi alihamia shuleni. Kila jioni Nyanya alipeleka ukoko hadi langoni, na mwalimu alitoka, akauma pembe, akampa. Mwanzoni alisimama mwisho wa kamba. Kufikia mtihani wetu kamba yenyewe ilikuwa imepotea. Ubaoni misemo ilibaki ileile, mtihani hauna huruma, lakini akifika kwenye maisha ya mbwa alitazama dirishani, pale Popi alipolala mlangoni mwa darasa akiota, na alituambia tuuandike tu, tusiuamini sana. Kwenye kamba zetu ovaroli ya baba iliibwa kabla ya mwezi kwisha. Hiyo siiweki katika gharama. Ni hesabu ya mwizi.

Nyanya amelala kwao magharibi, na Popi kando ya ua wa shule ambao sasa ni ukuta wa mawe wenye vioo juu. Nilipopita mwaka huu safu zetu hazikuwapo. Pamesimama maghorofa, kila mtu na mfereji wake ndani, nguo zinakaukia vyumbani, na mwizi wa nguo nadhani amekufa kwa kukosa kazi. Ukoko nao umekwenda na sufuria zisizoshika chakula. Nilipomwonyesha mjukuu jinsi ya kuonja kwanza, nilitumia kipande cha mkate, na yule kiatu cha askari alinitazama koo kama aliyezaliwa anajua.

Sasa mwenye nyumba amebandika karatasi mlangoni: kufikia Jumamosi mbwa asiwepo. Nimempigia bei kwa kila njia, hashuki. Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyeketi nami mpaka hapa: katika huu mji wa orofa, nitampata wapi mwalimu mwenye ua, anayeogopa mbwa?